Usiinyweshe Filamu Mpya Dawa ya Filamu Iliyopita

Wanaotengeneza filamu za mfululizo huko Dar na Nairobi huuliza swali lile lile kwa sura tofauti: sehemu ya kwanza imetoka, watu wameiponda, sehemu ya pili imeshashutiwa, sasa tufanyeje? Wengi wanakuwa wameshajijibu kabla hawajauliza. Wameingia chumba cha kuhariri, wameongeza vichekesho, wamebadilisha muziki, wamekata dakika ishirini. Kabla hujafuta kitu, tazama Warner Bros., studio ya Marekani, walivyohangaika na mashujaa wa vitabu vya katuni vya DC, kina Superman na Batman, kwa zaidi ya miaka kumi. Pesa walikuwa nazo, mastaa walikuwa nao, steringi wao anajulikana hadi na mtoto wa chekechea. Kilichowaangusha ni kuitibu kila filamu kwa ugonjwa wa ile iliyotangulia.

Anza na ratiba. Oktoba 2014 mkuu wa studio, Kevin Tsujihara, alitangaza filamu kumi za DC mpaka mwaka 2020, kila moja na mwaka wake wa kutoka. Tarehe zilikuwepo, skripti nyingi hazikuwepo. Ile ya Flash iliyoahidiwa 2018 ilipita mikononi mwa waongozaji kadhaa, ikaja kutoka Juni 2023. Ya Cyborg iliyoahidiwa 2020 haijaonekana.

Halafu tazama mwaka 2016. Batman v Superman iliingia sinema tarehe 25 Machi, na lawama zikaanza wiki hiyo hiyo: nzito, giza tupu, hakuna hata cheko. Justice League, inayoendeleza hadithi hiyo kwa kuwakusanya mashujaa pamoja, ilianza kushutiwa tarehe 11 Aprili kwenye studio za Leavesden, nje ya London. Siku kumi na saba. Katika siku hizo huwezi kuandika upya skripti ya filamu ya mamia ya mamilioni ya dola. Unachoweza ni kupenyeza utani mbili tatu na kuomba Mungu.

Suicide Squad, filamu nyingine ya DC ya mwaka huo, ndiyo iliyokuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu ilishamaliza kushutiwa mwaka 2015. Trela yake ilikuwa imependwa, ya uchangamfu, yenye muziki wa kutikisa kichwa, wakati filamu yenyewe ilikuwa ya huzuni. Studio ikaogopa. Iliripotiwa kwamba kampuni iliyotengeneza trela ndiyo ikapewa kazi ya kuihariri filamu, sambamba na toleo la mwongozaji David Ayer. Ayer mwenyewe amesema hadharani mara nyingi kwamba kilichotoka si filamu yake. Ukiitazama leo utaona wahusika wanatambulishwa zaidi ya mara moja na nyimbo zinafuatana kama redio inayobadilishwa stesheni. Trela inaishi dakika mbili na nusu. Haidaiwi kueleza nani anamchukia nani na kwa nini. Ukikata filamu ya saa mbili kwa mtindo wa trela, sababu za wahusika ndizo zinazobaki sakafuni.

Justice League ndiyo somo zima. Mei 2017 mwongozaji wake, Zack Snyder, aliondoka kufuatia msiba wa binti yake. Joss Whedon akaja kuandika na kushuti upya, na agizo la juu likawa filamu isizidi saa mbili. Mtunzi wa muziki naye akabadilishwa: Junkie XL akatoka, Danny Elfman akaingia, miezi michache tu kabla filamu haijatoka Novemba. Gharama ilifika karibu dola milioni 300.

Wakati wa kurudia, Henry Cavill, aliyeigiza Superman, alikuwa anashuti filamu ya studio nyingine, Paramount, akiwa na masharubu, na Paramount wakakataa yasinyolewe. Basi yakafutwa kwa kompyuta. Filamu inafunguka kwa video ya simu, watoto wanamhoji Superman, na mdomo wa juu wa steringi unacheza kama si wake. Mtazamaji hajui lolote kuhusu mkataba wa Paramount; anachojua ni kwamba uso huu una kasoro, na imani yake imekatika kabla hadithi haijaanza.

Kwa hiyo, kama una mfululizo, siku za kushuti nyongeza ziandikwe kwenye mkataba wa kwanza kabisa. Taja idadi, tuseme siku tano, taja miezi zitakapoangukia, na taja kwamba nywele, ndevu, masharubu na uzito havibadilishwi mpaka siku hizo ziishe. Mwigizaji akipata kazi nyingine katikati, lazima akuarifu kabla ya kusaini. Kila siku ya kazi mtu mmoja apige picha za nguo, vidonda na mahali kila kitu kilipokaa, na aandike lenzi iliyotumika, urefu wa kamera, mwanga ulitoka upande gani na saa ngapi. Mnaodhani kazi hiyo ni ya Hollywood ndio tunaowaona kaka anaingia mlangoni na shati la bluu, anatokea sebuleni na la kijani.

Na nyongeza itumike kuziba pengo, si kugeuza roho ya filamu. Tukio la kueleza kwa nini dada kamsaliti kaka linashutiwa nusu siku, na linaokoa filamu. Kuigeuza ya msiba iwe ya vichekesho haiwezekani kwa siku tano wala hamsini, kwa sababu mwanga, mwendo wa kamera na sura za waigizaji vyote vilishaamua. Ushahidi ulitoka wenyewe 18 Machi 2021, pale toleo la Snyder lilipotolewa, dakika 242, kwa nyongeza ya takriban dola milioni 70. Ni refu mno kwa maoni yangu, lakini Cyborg, mmoja wa mashujaa wake, ana baba, ana kidonda na ana sababu ya kupigana. Vitu hivyo vilishashutiwa zamani. Vilikatwa ili saa mbili zitimie.

Ugonjwa utaujuaje? Acha kusoma matusi mitandaoni, soma hesabu. Mauzo ya wikiendi ya kwanza yanapima tangazo lako. Filamu yenyewe inapimwa na wikiendi ya pili. Chukua mauzo yote ya soko moja, gawanya kwa wikiendi ya kwanza. Batman v Superman ilifungua Marekani na dola milioni 166, ikaporomoka asilimia 69 wikiendi iliyofuata, ikaishia milioni 330: mara mbili tu. Wonder Woman ya 2017 ilifungua na milioni 103, ikaishia karibu 413: mara nne. The Flash, milioni 55, ikaishia 108. Ukipata mara mbili, watu walikuja kwa jina na wakawaambia wenzao wasije. Kwa anayetoa kazi YouTube, linganisha siku tatu za mwanzo na mwezi mzima, utaona picha hiyo hiyo.

Usisahau pia kwamba mauzo si mapato. Marekani, sinema hubaki na karibu nusu. China, studio ya kigeni hupata kama robo. Ndiyo maana dola milioni 660 hivi za Justice League zilikuwa hasara na milioni 820 za Wonder Woman, iliyogharimu karibu 150, zilikuwa sherehe.

Suala la nani ana kauli ya mwisho nitalipitia haraka, maana mnalijua na hamlitendi. Oktoba 2022 Cavill alitokea kama Superman mwishoni mwa Black Adam, filamu nyingine ya DC, na kutangaza kwamba amerudi. Desemba akatangaza kwamba harudi. Katikati hapo, tarehe 1 Novemba, James Gunn na Peter Safran walikuwa wameanza kazi kama wakuu wa DC Studios, tawi la Warner linalosimamia filamu za DC. Mtu mmoja, au wawili wanaosikilizana, ndio waseme nani anarudi, na waseme baada ya karatasi kusainiwa.

Kosa lililofuata lilikuwa la mdomo. Tarehe 31 Januari 2023 Gunn alitangaza mpango wa dunia mpya, yaani hadithi za DC kuanza upya, huku filamu nne za dunia ya zamani zikiwa bado hazijatoka. Shazam ya pili, The Flash na Blue Beetle zikaanguka. Aquaman ya pili ikajikongoja hadi takriban milioni 440, wakati ya kwanza ilivuka bilioni moja. Ubora ulichangia, sikatai. Lakini nani anakata tiketi ya hadithi aliyoambiwa haina kesho? Toa ulizonazo zote, nyamaza, ndipo utangaze.

Alichopatia Gunn ni kanuni ya skripti: hakuna filamu inayoanza kushutiwa kabla skripti haijakamilika, na mradi mmoja uliokwisha kuruhusiwa aliufuta kwa sababu hiyo. Linganisha na Batgirl, filamu ya DC iliyotupwa Agosti 2022 ikiwa imeshashutiwa kwa takriban dola milioni 90. Kufuta kwenye karatasi kunagharimu malipo ya mwandishi.

Wanaosema studio imeshapona wana haraka. Superman ya Julai 2025 iligharimu milioni 225 na kuuza takriban 616. Ile ya 2013 iliuza karibu 670. Marekani mpya imeishinda ya zamani, 354 kwa 291. Nje ya Marekani imeshindwa vibaya, kama 262 kwa 379, na huko nje ndiko kazi iliyobaki. Ukiwa na hesabu za namna hiyo, filamu inayofuata usiipandishie bajeti hata senti mpaka soko lililokukimbia lirudi.