Siku utakapomkosoa Mbaraka hewani

Wadogo zangu mnaoanza kutangaza vipindi vya zilipendwa, kuna jambo sikufundishwa na mtu nilipoanza kazi hii, nami sitaki mlipate kwa njia niliyolipata mimi.

Mwaka wangu wa kwanza redioni nilisema hewani kwamba Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, aliwaiga mno wapiga gitaa wa Kongo, na kwamba baadhi ya nyimbo zake zinarudia maneno yaleyale hadi zinachosha. Wimbo uliofuata haujaisha, simu ya studio ikawa haipumziki. Mmoja aliniuliza nimezaliwa mwaka gani. Mama mmoja mtu mzima hakunitukana. Alisema tu kwamba wimbo niliouita wa kuchosha ndio uliokuwa ukipigwa ukumbini, Morogoro, usiku aliokutana na mumewe, na mumewe sasa ni marehemu. Sikuwa na la kumjibu.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Hakuzeeka mbele ya mashabiki wake, wala hawakumwona akichoka jukwaani. Amebaki kijana, na wao wamebaki vijana pamoja naye kila santuri yake inapopigwa. Ndiyo maana ukimkosoa wanasikia unamsema maiti asiyeweza kujibu, na wanajibu kwa niaba yake. Kwa mtunzi aliyekufa mapema, pima neno mara mbili.

Mashabiki wa Msondo na Sikinde, bendi mbili hasimu za dansi za Dar es Salaam, ni wengine kabisa. Hao wamezoea kutaniana kama watu wa Simba na Yanga, na wanamuziki wenyewe wamewazoesha kuhama. Mwimbaji Muhidin Gurumo aliondoka Juwata, yaani Msondo, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde, akapita bendi ya Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Shabiki aliyempenda kwa miaka hiyo yote alilazimika kujifunza kutenganisha mtu, bendi na wimbo. Ukimwambia ubeti fulani ni dhaifu, atakubishia, lakini atabishana juu ya ubeti.

Sasa kuhusu zile simu. Sikilizeni hasira, lakini humo ndani tafuteni masahihisho. Siku ile mzee mmoja, kwa sauti ya kufoka, aliniambia kwamba wimbo wa Mbaraka nilioutaja kuwa wa bendi ya Morogoro Jazz ni wa Super Volcano, bendi aliyoiunda baadaye, kwa kuwa Mbaraka alikwishaondoka Morogoro Jazz mwaka 1973. Alikuwa sahihi. Kesho yake niliomba radhi kwa kosa hilo mwanzoni kabisa mwa kipindi, wakati wasikilizaji bado wapo wote. Sikuomba radhi kwa maoni yangu. Nilirudi kuyapima.

Na yalipungua. Nilikuwa nimehukumu maneno kama mtu anayesoma shairi mezani, wakati muziki ule ulitungwa kwa ajili ya ukumbi. Gitaa linapoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, kiitikio kinarudiwa ili watu wacheze. Hakimsubiri msikilizaji aliyeketi. Suala la Kongo nalo nilikuwa nimelisema kizembe. Kwamba rumba ya Kongo iliwafundisha wengi wa wanamuziki wetu, hakuna anayebisha. Lakini “aliiga” ni shitaka, na shitaka linataka ushahidi: piga vipande viwili vya gitaa, kimoja baada ya kingine, msikilizaji aamue kwa masikio yake. Nilichobaki nacho ni ubeti mmoja ambao hadi leo naona ni dhaifu, na nimekuwa nikiusema hivyo, kwa kuutaja.

Usimuulize shabiki kama anajua muziki. Muulize aliusikia wapi wimbo huo mara ya kwanza, kisha nyamaza umsikilize. Matusi usiyasome hewani ili watu wacheke. Aliyetukana ana huzuni yake, nawe hujui ni ipi. Weka daftari karibu na simu. Langu lina majina ya kumbi, bendi na wapiga besi ambayo sijayaona yameandikwa mahali pengine popote, na karibu yote niliyapata kwa watu waliopiga wakiwa wamekasirika.

Yule mama nilimtafuta wiki iliyofuata. Tulizungumza muda mrefu juu ya Morogoro ya wakati ule, kisha nikamtajia ubeti wangu. Akasema hata yeye haupendi, huwa anauruka akiimba. Mumewe ndiye aliyekuwa akiuimba.