Kuchagua injini ya gari unaloliunda nyumbani na kulipitisha kwenye ukaguzi

Tangu gari langu la viti viwili lianze kuonekana barabarani kati ya Mikindani na Mtwara mjini, swali ninaloulizwa zaidi na vijana, iwe kwenye kituo cha mafuta au nje ya msikiti, ni moja: umeweka injini gani, na ina nguvu kiasi gani? Swali hilo ni la haki, lakini ningefurahi zaidi kama wangeniuliza kwanza injini hiyo ina karatasi gani, ina uzito gani na imekaaje juu ya chasisi. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyonichelewesha karibu mwaka mzima, na ndiyo yanayoamua kama gari la kuunda mwenyewe litatembea kihalali au litabaki uani chini ya turubai.

Uingereza wana desturi ya miaka mingi ya kununua gari likiwa vipande na kuliunganisha nyumbani. Lotus Seven, iliyotoka mwaka 1957, iliuzwa hivyo kwa sababu aliyenunua vipande aliepuka kodi ya mauzo iliyotozwa kwenye gari lililokamilika, na tangu 1973 kampuni ya Caterham ndiyo inayoendelea kulitengeneza. Katika ukaguzi wao wa magari ya namna hiyo, umri wa injini ndio unaoamua kipimo cha moshi: injini iliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 hutazamwa moshi wake kwa macho tu, wakati zilizofuata hupimwa kwa mashine, na kadiri injini ilivyo mpya ndivyo kipimo kinavyokaza. Kwa hiyo mjenzi wa kule anapochagua injini huwa amekwisha kuchagua na mtihani atakaofanya. Hapa kwetu taratibu ni nyingine, lakini nimeona kwa macho yangu kwamba kanuni hiyo inafanya kazi vilevile.

Mimi sikuagiza vipande kutoka ng'ambo. Nilianza na Hilux chakavu ya dizeli ambayo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya bahari na injini yake imekufa, ila chasisi ilikuwa nzima, namba yake inasomeka, na kadi ya gari ilikuwepo. Nilihamisha umiliki kabla sijafungua hata nati moja. Anayeanza na mabomba ya chuma matupu anajitwisha mzigo wa kuthibitisha kwamba gari lake limetoka mahali fulani halali, na mzigo huo ni mzito kuliko kazi yote ya kuchomelea. Vilevile, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, nilikwenda TRA, Mamlaka ya Mapato inayosajili magari, na kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani nikiwa na mchoro na picha, nikaeleza ninachokusudia na kuuliza watataka kuona nini mwishoni. Majibu niliyaandika kwenye daftari, na daftari hilo limenisaidia kuliko chombo chochote cha gereji. Nakusihi ufanye hivyo hata kama una fundi anayekuhakikishia kwamba mambo yote anayajua.

Sasa nije kwenye injini yenyewe. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, injini nzuri ni ile ambayo spea zake zinapatikana dukani hapa hapa, kwa kuwa Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kila gasketi inayopandishwa basi inakula siku na pesa. Kigezo hicho peke yake kinatuelekeza kwa Toyota. Wengi hunishauri 1NZ-FE ya IST na Probox, ya sentimita za ujazo 1497, kwa kuwa inatumia mafuta kidogo na imejaa kila mahali. Ni injini bora, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba imelala kwa upana na giaboksi yake inavuta magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukitaka iendeshe difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, unahitaji giaboksi nyingine na kazi nyingi ya kukereza, la sivyo uihamishie nyuma ya viti nzima nzima. Halafu inategemea kompyuta yake, vihisi vyake na mtandao wake wote wa nyaya. Ukiichukua kwenye gari la kuchinja na fundi akakata nyaya kwa msumeno, umenunua chuma tu. Wengine hunitajia 1G-FE ya Mark II, yenye silinda sita, ambayo imekaa kwa urefu kama inavyotakiwa. Hiyo niliikataa kwa ajili ya urefu na uzito. Uzito wa ziada puani unabadilisha springi, breki na usukani kwa pamoja, na kila unachobadilisha ni ukurasa mwingine wa maswali siku ya ukaguzi.

Nilichochagua ni 5K, injini ya LiteAce na TownAce za zamani, ya sentimita za ujazo 1486. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, taimingi yake ni ya cheni, inatumia kabureta, pampu yake ya mafuta inaendeshwa na injini yenyewe, na fundi yeyote wa makamo kuanzia Kilwa hadi Newala aliwahi kuifungua. Haina nguvu za kutisha. Kwa gari lisilo na karoseri wala kabini nzito ya mbele, nguvu hizo zinanitosha, na nimeipandisha milima ya Makonde ikiwa na watu wawili na mizigo yao bila kuchemsha.

Hii iliyomo sasa, hata hivyo, ni ya pili. Ya kwanza niliinunua kwa shilingi laki tisa kwa muuzaji ambaye sitamtaja, aliyeniwashia ikiwa juu ya matairi, ikanguruma vizuri sana, nami nikalipa. Nilipofika nyumbani nilifuta ubavu wa bloku kwa kitambaa chenye petroli nikitafuta namba. Nikaona sehemu iliyong'aa kuliko nyingine, laini kama kisu kilichonolewa. Nikapaka chaki na kuifuta kwa kidole, maana chaki hubaki ndani ya mikwaruzo. Ikabaki mistari ya tupa tu, bila tarakimu hata moja. Injini isiyo na namba haiwezi kuingia kwenye kadi ya gari yeyote, na huenda mwenyewe halisi anaitafuta mpaka leo. Muuzaji alikana kunifahamu. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ya korosho za msimu mzima. Ndiyo maana nasisitiza: nenda na chaki yako, soma namba kabla ya kusikiliza mlio, ifananishe na iliyoandikwa kwenye karatasi za kuingizia mzigo nchini, na udai risiti yenye namba hiyo. Baada ya hapo ndipo ufungue kifuniko cha oili uone kama kuna utelezi mweupe kama maziwa, utoe plagi zote nne na upime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikipishana sana na wenzake, iache injini hiyo hapo ilipo.

Kuikalisha injini kuna mambo yake. Giaboksi ya LiteAce huongozwa kwa vyuma vinavyokwenda mpaka kwenye kabini iliyo juu ya injini, jambo ambalo halikunifaa, nikatafuta giaboksi ya gia tano ya Corolla KE70, ambayo inaungana na injini za familia ya K na mkono wake wa gia hutokea juu moja kwa moja. Propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, nilipeleka kwa fundi wa kukereza aifupishe, kisha nikaituma Dar es Salaam ikabalansiwe, maana propela isiyobalansiwa huharibu kila kitu kinachoigusa. Difu niliihesabu mwenyewe: niliinua nyuma yote, nikaweka alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye matairi, kisha mimi na mwanangu tukayazungusha matairi yote mawili pamoja mzunguko mmoja kamili. Propela ilizunguka mara nne na kidogo. Kwa tairi zenye mzingo wa kama mita mbili, maana yake ni kwamba kwenye gia ya nne, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaifanya injini izunguke takribani mara 2,700 kwa dakika, na hapo 5K inapumua bila taabu.

Jambo moja ambalo wengi hawaliwazi ni breki. Injini ya dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa, hivyo ile ya Hilux ilikuwa na pampu ndogo kwenye alteneta ya kuisaidia busta ya breki, kifaa kinachoongezea nguvu mguu unaokanyaga pedali. Ukiondoa injini hiyo umeondoa na msaada wa breki, na ukiweka ya petroli ni lazima uvute bomba kutoka kwenye manifoldi yake mpaka kwenye busta, likiwa na vali inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu. Nimewahi kuona gari lililobadilishwa injini ambalo bomba hilo lilizibwa kwa bolti, na dereva wake anakanyaga pedali kwa miguu miwili. Tafadhali usifanye hivyo.

Siku ya ukaguzi nilikwenda nikiwa na bahasha yenye kadi, risiti ya injini, karatasi za kuingizia mzigo na picha za kila hatua. Mkaguzi, mtu mpole, alianza na namba ya chasisi. Nilikuwa nimeiacha bila rangi nzito, nimeipaka grisi tu, akaisoma mara moja. Kisha namba ya injini. Kisha akapiga goti karibu na gurudumu la mbele la kushoto, akaniambia, "Fundi, hebu zungusha usukani mpaka mwisho." Nikazungusha. "Sasa njoo utazame." Mpira wa mafuta ya breki ulikuwa umegusa ubavu wa tairi, umeshaanza kuchubuka, doa jeusi lenye upana wa ukucha. Nilikuwa nimeukagua mara ishirini, magurudumu yakiwa yamenyooka. "Asante, afande," nikasema, na nilimaanisha, kwa sababu mpira ule ungepasuka siku nikiwa kwenye mteremko. Alinirudisha pia kwa ajili ya breki ya mkono iliyoshika upande mmoja na taa ya namba ya nyuma isiyowaka.

Niliporudi nyumbani niliamua kulikagua gari kwa ukali kuliko yeye. Nilikumbuka kwamba Waingereza hudai kila ukingo wa nje ambao mtu anaweza kuugusa uwe na mviringo usiopungua milimita 2.5, nikapita bodi nzima kwa tupa na msasa, hasa kwenye madigadi niliyoyafinyanga kwa faiba kwa msaada wa fundi wa boti. Niliweka watu wawili wanene ndani, nikazungusha usukani kushoto na kulia huku wanadundadunda, nikiwa chini na tochi. Bomba za breki zote nilizifunga kwa vibanio kila baada ya shibri moja. Usiku nililisimamisha mbele ya ukuta nikaangalia mwanga wa chini wa taa za mbele, nikauteremsha mpaka ukaanguka chini ya kimo cha taa zenyewe. Mikanda niliifunga kwenye chasisi, kwa kuwa faiba haishiki mtu. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi mwanga nilivipa mahali pake maalumu. Mara ya pili ukaguzi ulichukua muda usiofika nusu saa, nikaipeleka taarifa TRA ili kadi ibadilishwe, kisha nikakata bima.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa Lindi, kwenda na kurudi kupitia Mingoyo. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imepoa, nilishika spana nikapitia bolti zote za maunting za injini na za giaboksi, na mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Nilizikaza, nikazichora mstari wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma, ili zikisogea tena nizione bila kuzigusa. Huwa naitazama mistari hiyo kila Jumamosi.