Jua Thamani ya Kampuni Yako Kabla Hujafikiria Kuiuza

Mwenye kampuni ukimuuliza mauzo ya mwezi uliopita, atakutajia papo hapo. Muulize kampuni yenyewe ina thamani gani, wengi wataanza kujumlisha wanavyoviona: mashine, magari, mali iliyo stoo, salio la benki. Hiyo ni sehemu tu ya jibu, na mara nyingi ni sehemu ndogo.

Mimi na mbia wangu tuliithamini kampuni yetu wakati hakuna aliyewaza kuuza. Tukakubaliana kwa maandishi jinsi bei ya hisa itakavyokokotolewa iwapo mmoja wetu ataondoka. Baadaye mambo ya familia yalimlazimu aondoke kweli, tukaachana kwa heri, kwa sababu hesabu ilikuwa imeshakubaliwa tungali na amani. Ndiyo maana nalisisitiza jambo hili kwa kila mfanyabiashara ninayekutana naye.

Wathamini hutumia njia tatu. Ya kwanza ni mali ukitoa madeni. Ya pili ni kutazama kampuni zinazofanana na yako zimeuzwa kwa kiasi gani. Ya tatu ni kukadiria fedha ambazo biashara itaingiza miaka ijayo, kisha kuzipunguza, kwa kuwa fedha ya kesho haina uzito wa fedha ya leo na huenda isije kabisa. Mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, peke yake haitoshi: mashine imeandikwa kwa bei uliyonunulia ukiondoa uchakavu, na wateja waliokuzoea kwa miaka hawamo hata kwa senti.

Lakini panapowaumiza wengi ni kwenye faida. Chukua kampuni yenye faida ya milioni 40 kwa mwaka, ambayo mwenyewe hajilipi mshahara. Mnunuzi atauliza: ukiondoka, nitamlipa nani kuiendesha, na kwa kiasi gani? Kama meneja wa kazi hiyo hulipwa milioni 25, faida iliyobaki ni milioni 15. Mkikubaliana bei iwe mara 3 ya faida, kampuni ni ya milioni 45, wala si milioni 120 kama mwenyewe alivyokuwa akiota. Pengo hilo ni jasho lake, na jasho lake halinunuliki, kwa sababu anaondoka nalo.

Kwa hiyo hesabu hii inakuonyesha pa kurekebisha. Je, wateja wanaifuata kampuni au wanakufuata wewe? Mteja mmoja akikuletea zaidi ya nusu ya mauzo, siku akihama itakuwaje? Mikataba imeandikwa, au ni maneno ya kwenye simu? Mambo haya hushusha bei hata pale mauzo yanapopanda, na kuyatengeneza huchukua miaka. Huwezi kuyaanza wiki ambayo mnunuzi amebisha hodi.

Kuna pia mwekezaji. Anayekupa milioni 20 kwa asilimia 25 ya hisa ameshakuwekea bei: kampuni yote ni milioni 80 baada ya fedha yake kuingia, maana yake leo ni milioni 60. Kama hujui thamani yako, utajuaje kama amekupunja au amekupa zaidi? Benki, talaka na mirathi nazo huleta swali lilelile, na kwa kawaida huja bila taarifa.

Fanya hesabu yako kila mwaka baada ya kufunga vitabu. Kwa jambo zito, kama kuuza au kugawana na mbia, lipa mthamini asiye na maslahi upande wowote. Kisha andika tarehe, namba na jinsi ulivyoipata, na mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini karatasi hiyo inakaa wapi.