Umeme ukikatika pampu inalala: akiba ya maji nyumbani, Tanga

Mkuu, umesema umehamia Kange, nyumba ya kisima na pampu, na umeme ukikatika siku mbili tatu hata maji ya kutawadhia yanakosekana. Sisi huku Makorora pia tunategemea pampu, na ndani tuna wazee na watoto wadogo, kwa hiyo jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Tazama kwanza simtanki lako limekaa wapi. Likiwa chini, umeme ukiondoka utakuwa na maji ambayo hayapandi bombani. Liweke juu ya mnara, yatashuka yenyewe. Mnara wetu una mita tatu hivi. Presha yake ndogo, bafuni yanachuruzika tu, ila jikoni na chooni yanafika, na hilo linatosha. Lakini lita 1,000 ni tani nzima: fundi akikwambia mbao zitabeba, tafuta mwingine. Mwambie pia aweke valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani.

Kiasi ni hesabu nyepesi. Mtu mmoja mhesabie lita 20 kwa siku, kunywa, kupika na kuoga kwa kujibana. Watu sita kwa siku tatu ni lita 360, yaani madumu 18. Pipa moja la lita 200 na madumu manane yanatosha. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za shambani usilitie maji ya kunywa hata ulioshe vipi.

Maji ya kunywa yatenge kabisa. Ndoo yenye mfuniko na koki chini, mtu afungue koki, asichovye kata wala kikombe. Mikono ya watoto ndiyo inayoharibu maji yaliyokwisha kuchemshwa vizuri. Mkaa ukiwa ghali, tumia vidonge vya klorini: vile vinavyouzwa madukani kwa ndoo ya lita 20, kimoja kinatosha kwa maji maangavu, kisha subiri nusu saa. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Kama kisima chako kina chumvi, kuchemsha hakuiondoi, wala kidonge. Hapo nunua ya kunywa kando.

Sasa mbu. Mwaka 2019 dengi ilipiga Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, na mbu wake anapenda mapipa ya nyumbani, tena anauma mchana. Funika pipa kwa khanga kuukuu chini ya mfuniko, uikaze kwa kamba pande zote. Mulika ndani kwa tochi: ukiona vijidudu vyembamba vinajikunjakunja na kukimbilia chini, hao ni viluwiluwi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, maana mayai yanaganda ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji na yanastahimili ukavu miezi kadhaa. Sugua kuta kwa brashi na sabuni kila wiki, hasa pale kwenye mstari wa maji.

Na umeme ukikatika, zima swichi ya pampu papo hapo. Ukirudi, ngoja utulie kwanza ndipo uwashe, maana ukirudi kwa kurukaruka unaunguza mota.

Niandikie kisima chako kina urefu gani na mko wangapi, nikupigie hesabu ya simtanki.