Kufunga kompyuta za maabara wakati wa mtihani

Mwalimu, umeuliza utawazuiaje wanafunzi kufungua kurasa nyingine wakati wanafanya mtihani kwenye Moodle, mfumo wa masomo na mitihani ya mtandaoni. Sakinisha Safe Exam Browser, programu inayomfungia mwanafunzi kwenye ukurasa wa mtihani tu, kwenye kila kompyuta ya Windows. Ni ya bure, imetoka chuo kikuu cha ETH Zürich cha Uswisi, na Moodle tangu toleo la 3.9 inaielewa moja kwa moja: kwenye mipangilio ya jaribio unailazimisha itumike, kisha unaweka nenosiri la kutoka kwenye programu hiyo. Hilo nenosiri lilinde sana. Niliwahi kuliandika kwenye karatasi mezani, nikageuka kidogo, dawati la mbele likawa limeshalinakili.

Programu hii haizuii simu, hizo zikusanye mlangoni. Na tafadhali, jaribu mashine zote siku moja kabla. Mtoto asipoteze dakika zake kwa kosa letu.