Masaa ndiyo mshahara: kwa mdogo wangu anayeanza kazi ya duka Marekani

Wadogo zangu mnaofika Houston na miji mingine ya Marekani, wengi wenu mtaanzia kwenye duka kubwa: kupanga bidhaa kwenye shelfu, kushusha mzigo wa lori usiku, au kusimama kaunta. Nyumbani wanaita kubeba maboksi, na sisi wenyewe tunaita hivyohivyo. Mimi nimeyabeba miaka sita, maboksi kabisa ya sabuni na maji ya chupa. Mpaka leo napigiwa simu na vijana waliopata kazi juzi, na wote huanza na neno moja: "Kaka, wananilipa dola 12 kwa saa." Nikiuliza, "Kwa wiki wamekupa masaa mangapi?" simu inakuwa kimya.

Nakuelewa, maana na mimi nilipita hapohapo. Nilianza kwa dola 10 kwa saa. Siku niliyoajiriwa, ndani ya basi la nauli ya dola 1.25, nilikwishapiga hesabu: masaa 40 kwa wiki, wiki nne, dola 1,600. Kichwani nilikuwa nimeshalipa kodi ya chumba na kumtumia mama. Hati ya mshahara ya wiki ya kwanza ilipotoka, masaa yalikuwa 23. Dola 230. Humo wakakata asilimia 6.2 ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, yaani dola 14.26, na asilimia 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee, dola 3.34. Zikabaki dola 212.40. Na hapo ni Texas, jimbo lisilo na kodi yake ya mapato; ukiwa jimbo lenye kodi hiyo, toa tena. Kodi ya chumba nilichokuwa nachangia na kijana wa Bukavu ilikuwa dola 400 kwa mwezi, sehemu yangu peke yangu.

Kwa nini 23 na si 40? Nilidhani meneja hanipendi. Ilinichukua muda kuelewa. Kwa sheria ya bima ya afya, mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote, au wa muda mfupi wanaolingana na hao kwa masaa, anatakiwa kumpa bima ya afya kila anayefanya kazi wastani wa masaa 30 au zaidi kwa wiki, la sivyo anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo maduka mengi huwaweka watu chini ya mstari huo. Juu yake kuna programu ya kompyuta inayokisia wateja watakuja wangapi na kugawa masaa kufuatana na makisio hayo. Jumanne mvua ikinyesha na duka likiwa tupu, unaambiwa nenda nyumbani, na masaa yako mawili yameondoka. Meneja wa zamu naye amepewa idadi ya masaa kutoka juu, na akiizidisha anaulizwa. Mimi naona ni dhuluma kumtaka mtu awe tayari siku saba kisha umlipe kwa tatu, lakini ukijua mpango ulivyo utajua pia wa kumuuliza ni nani na umuulize nini.

Basi siku ya usaili uliza mambo haya, kwa upole na bila woga. Watu wa nafasi hii walipata masaa mangapi kwa wiki mwezi uliopita? Ratiba inatoka siku ngapi kabla? Ni lini mtu huhamishwa kuwa wa muda wote, na mwaka huu wamehamishwa wangapi? Jibu la "inategemea" ni jibu pia, na mara nyingi maana yake ni masaa ishirini na kitu.

Kuna fomu watakupa ya kujaza siku na saa unazoweza kufanya kazi. Wageni wote tunajaza "wakati wowote" kwa sababu tunataka kuonekana wachapakazi. Usifanye hivyo ukishajua masaa ni machache. Ukiwa wa wakati wowote utafunga duka saa tano usiku na kulifungua kesho saa kumi na mbili asubuhi, na kazi ya pili hutaipata kwa sababu hujui ratiba yako ya wiki ijayo. Afadhali uwape kipande kimoja cha siku, tuseme asubuhi mpaka saa nane mchana, siku tano, na uking'ang'anie. Jioni utatafuta kwingine. Na jambo hili wengi hawalijui: ovataimu, ile ya malipo mara moja na nusu baada ya masaa 40, huhesabiwa kwa kila mwajiri peke yake. Ukifanya 25 hapa na 25 pale kwa waajiri wasiohusiana, umefanya kazi masaa 50 na ovataimu ni sifuri.

Sasa nunua daftari. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Duka nililokuwa nalo lilikuwa na mashine ya kuingia na kutoka, na kila aliyefanya zaidi ya masaa sita ilimkata nusu saa ya chakula yenyewe, awe amekula au hakula. Kuna siku nilikuwa ndio kwanza nimefungua bakuli langu la wali na maharage, kipaza sauti kinaita keshia kaunta ya nne. Nafunika bakuli, narudi. Nikitoka kazini ule wali umeshakauka. Nilikuwa naandika kila zamu: tarehe, nimeingia, nimetoka, nimekula au nimeitwa. Baada ya miezi miwili nikahesabu mara 11 nilizoitwa. Nusu saa mara 11 ni masaa matano na nusu, dola 55.

Nikaenda ofisini na daftari. Meneja akalitazama, akasema siwezi kuwa niliingia saa 1:00, maana siku hiyo saa 1:00 nilikuwa nakaribia kuondoka. Nilikuwa nimeandika kwa saa zetu, saa moja asubuhi, ambayo kwao ni 7:00. Daftari zima likaonekana la uongo. Nikarudi nyumbani, nikaandika saa zao kando ya kila mstari kwa wino mwekundu, nikalirudisha kesho yake. Nikamwomba afungue rekodi za kaunta, na kweli mauzo kwa namba yangu yalikuwemo ndani ya zile nusu saa. Dola 55 zikaingia kwenye malipo yaliyofuata. Kwa hiyo andika, na andika kwa saa zao tangu siku ya kwanza.

Sheria yenyewe iko hivi. Serikali kuu haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mzima muda wa chakula, na Texas vilevile. California inalazimisha nusu saa kwa anayefanya zaidi ya masaa matano. Lakini popote ulipo, wakikukata nusu saa ya chakula ni lazima uwe umeachwa kabisa, si kula huku unahudumia. Mapumziko mafupi, ya dakika tano mpaka ishirini, wakikupa ni ya kulipwa. Baadhi ya mashine hukadiria kwa robo saa: ukichelewa dakika saba inaandika umewahi, ukichelewa nane inaandika umechelewa robo saa nzima. Sheria ya serikali kuu inaruhusu, mradi isiwe inamfaidisha mwajiri peke yake. Ukishabonyeza kutoka, usifagie, usipange matoroli, usimsubirie mtu afunge mlango huku unafanya kazi. Dakika kumi kila siku ni karibu saa nzima kwa wiki.

Kaunta nayo ina mtego wake. Hesabu droo ya pesa wewe mwenyewe kabla ya kuanza, mwenzako akishuhudia, na usikubali wawili kutumia droo moja. Sheria ya serikali kuu hairuhusu upungufu wa pesa kukatwa kwako mpaka ukashuka chini ya kima cha chini au ovataimu yako ikaguswa. Texas inataka uwe umesaini kukubali makato kabla hawajakata, na karatasi hiyo huwa ndani ya rundo la fomu za siku ya kwanza. Isome. Kima cha chini chenyewe cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu Julai 2009, na Texas inafuata hichohicho. Seattle mwaka 2025 ilikuwa imevuka dola 20. Kwa hiyo ndugu yako wa Seattle akikutajia mshahara wake, usijione mzembe.

Na zungumzeni mishahara. Wengine huambiwa ni mwiko. Sheria ya mwaka 1935 ya mahusiano kazini inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanaojadili malipo yao wao kwa wao. Mimi niliambiwa na mama mmoja wa El Salvador, tukiwa tunapanga maziwa kwenye jokofu: miaka tisa pale, dola 10.40. Mimi mwezi wa pili, dola 10. Siku hiyo niliacha kungojea nyongeza na nikaanza kusomea cheti jioni.

Wakikudhulumu na ofisi ikakataa kusikiliza, piga simu 1-866-487-9243. Ni kitengo cha mishahara na masaa cha Wizara ya Kazi. Malalamiko ni siri, wakalimani wapo, na sheria inamlinda aliyefanya kazi bila kujali hati zake za uhamiaji. Usikae nalo sana: una miaka miwili, au mitatu kama mwajiri alikusudia.

Nyumbani usiwatajie malipo ya saa. Watazidisha kwa nane, kisha kwa thelathini, kisha kwa shilingi, na utaonekana mnyimi. Wataje kilichobaki mkononi kwa mwezi baada ya kodi ya chumba.

La mwisho ni Desemba. Kuanzia Novemba masaa yanafurika, unaweza kupewa 38, unaombwa mpaka Jumapili. Yule kijana wa Bukavu niliyekaa naye alichukua gari la mkopo katikati ya Desemba, malipo ya dola 310 kwa mwezi, kwa kutazama hati mbili za mshahara za msimu huo. Wiki ya pili ya Januari alipewa masaa 14. Machi gari lilichukuliwa usiku na waliomkopesha, asubuhi akatembea mpaka kituo cha basi. Ratiba ya Januari ikitoka, ipige picha na simu yako, uzidishe masaa hayo kwa malipo yako ya saa, utoe asilimia 7.65. Chumba na gari vipangie hesabu hiyo.