Kula mgahawa wa Kijerumani München: maswali yenu ya wiki hii

Mimi Muislamu, nakuja München kikazi. Wanasema Schnitzel, ile nyama nyembamba ya kukaanga, ni ndama, nile tu?

Hili naulizwa kila wiki jamani. Ikiandikwa "Wiener Schnitzel" lazima iwe ndama, hilo kweli, lakini ikiandikwa "Schnitzel Wiener Art" mara nyingi ni nguruwe, na ndo ya bei rahisi kwahiyo ndo watu wanaikimbilia. Na hata hiyo ya ndama, kwenye migahawa hii ya kienyeji kwa kawaida haijachinjwa kihalali, na mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa ya nguruwe. Sasa msiishie kwenye nyama. Sauerkraut, yaani kabichi iliyochachushwa, hupikwa na vipande vya nguruwe au wine, viazi vya kukaanga vinawekwa Speck ambayo ni nguruwe, Sauerbraten ni ng'ombe ila inalazwa siku kadhaa kwenye siki na mara nyingi wine, hata Käsespätzle ambayo ni unga na jibini usishangae kukuta wametupia Speck. Wengine wananiambia "nitasoma menyu, vile vinamba wameandika kila kitu". Hapana! Vile vinamba na herufi ni vya aleji na viongezo vya chakula, na kwenye aleji sheria ya Ulaya inataja vitu 14 na nguruwe hayumo. Muulize mhudumu kwa mdomo, "ohne Schwein?" (bila nguruwe?), na wine uliza pia. Samaki wa Forelle (trauti) wa siagi ndo kimbilio zuri, ila napo uliza viazi vya pembeni vimepikwaje.

Bia isiyo na kilevi je?

Ujerumani inaruhusiwa kuwa na kilevi mpaka asilimia 0.5. Amua mwenyewe.

Mikate ya Brezn iliyopo mezani ni ya bure?

Sio bure. Wanahesabu uliyokula.

Maji ya bomba wanatoa?

Hawalazimiki, na ukiagiza maji bila kusema "ohne Kohlensäure" (bila gesi) utaletewa ya gesi. Ila mjue sheria yao inataka walau kinywaji kimoja kisicho na kilevi kisizidi bei ya kilevi cha bei ya chini kabisa, kwahiyo msinywe bia eti kwasababu soda ghali.

Tulikaa meza tupu tukaambiwa tuhame. Ubaguzi?

Ubaguzi upo, sikatai, na ukikupata usinyamaze. Ila kwanza angalia kama pameandikwa "Stammtisch", hiyo ni meza ya wateja wa kudumu, Mjerumani mgeni naye anahamishwa. Meza zingine ndefu unakaa na usiowajua, unauliza "ist hier frei?" (hapa pako wazi?) basi.

Tip tunaacha mezani?

Nimeshajibu mara ngapi! Unataja wakati unalipa: bili euro 46, sema "50". Asilimia 5 mpaka 10 inatosha. Na bebeni keshi, sio kila sehemu wanachukua kadi.

Tuko sita na watoto, hela kidogo, tufanyeje?

Nendeni Biergarten, yaani bustani ya bia, nashangaa watu wetu hawaitumii. Tangu amri ya mfalme Max I Joseph wa Bavaria ya 1812 watengeneza bia wa München waliruhusiwa kuuza bia bustanini ila sio chakula zaidi ya mkate, watu wakaja na chao, na desturi ipo mpaka leo. Bebeni pilau yenu, kuku wenu wa halali, tandikeni kitambaa mle. Vinywaji tu ndo mnunue pale pale, na msikae kwenye meza walizotandika wao, hizo ni za kuhudumiwa.